Vidonge vya Damu na Presha ya Mimba

Muhula uliopita nilialikwa kuzungumza na Chama cha Sayansi cha shule yetu. Nilizungumza juu ya malaria, maana ndiyo niliyoombwa. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kidato cha nne alisimama akaniuliza hivi: "Bwana daktari, kwetu mama mkubwa asema vidonge vya damu vinavyotolewa kliniki huzuia presha ya mimba. Shangazi naye asema vidonge hivyo ndivyo vinavyoleta presha, na yeye alivitupa chooni. Yupi asema kweli?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza mbele. Kabla sijamjibu, kengele ya chakula ililia, na ninyi mwajua kwamba hakuna msemaji awezaye kushindana na kengele ile. Basi nilimwahidi kuwa nitamjibu katika gazeti la shule, na mhariri wa kurasa za Kiswahili amekuwa mwema akanipa nafasi.

Kwanza nisahihishe jambo moja. Mimi si daktari. Ni tabibu wa kituo cha afya huku magharibi ya Uganda, na kazi hii nimeifanya kwa miaka zaidi ya kumi. Jibu langu kwa kijana yule ni fupi: mama mkubwa amekosea, na shangazi amekosea pia. Lakini jibu fupi halimfundishi mtu. Haya, na tuanze mwanzo.

Neno moja, mambo mawili

Makosa haya mawili yametokana na neno moja, nalo ni "damu". Mama akienda kliniki hupewa vidonge, naye huviita vidonge vya damu, kwa kuwa huambiwa vinaongeza damu. Tena tunao ugonjwa uitwao shinikizo la damu, ambao wengi wetu huuita presha. Mtu asikiapo maneno haya mawili huona kwamba ni jambo moja. Mmoja husema, "Vidonge vya damu vitatengeneza damu yangu, basi presha haitakuja." Mwingine husema, "Nikiongeza damu, mishipa itajaa, presha itapanda." Wote wawili wamefikiri, wala si wajinga. Lakini wameanza na neno, hawakuanza na kitu chenyewe.

Kuongeza damu, kama tusemavyo kliniki, si kujaza damu mwilini kama mtu ajazavyo maji mtungini. Ni kuzifanya chembe nyekundu za damu ziwe nyingi za kutosha na zenye afya. Presha ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Mtu aweza kuwa na upungufu wa damu, midomo yake imepauka, na presha yake ikawa juu sana. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Asidi ya foliki ni kitu gani?

Vidonge vya damu vya kliniki kwa kawaida vina vitu viwili: madini ya chuma, na vitamini iitwayo asidi ya foliki. Juu ya chuma sitasema mengi leo. Nataka mwijue hii ya pili, kwa maana historia yake ni nzuri.

Mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, mwanamke aliyeitwa Lucy Wills, alikwenda Bombay, katika Uhindi, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Huko wanawake wajawazito, hasa maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo, walikuwa wakiugua upungufu mbaya wa damu. Watu walidhani labda ni vijidudu. Yeye alitazama chakula chao. Akafanya majaribio kwa wanyama wa maabara, kisha kwa wagonjwa wenyewe, akiwapa rojo nzito ya hamira iitwayo Marmite. Wagonjwa wakapata nafuu. Mwaka 1931 aliandika habari zake, ingawa hakujua bado ni kitu gani ndani ya hamira kilichowaponya.

Kitu hicho kilitengwa na wataalamu wa Texas, Marekani, mwaka 1941. Walitumia majani ya spinachi tani nne ili wapate kiasi kidogo tu. Wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini folium, maana yake jani. Kwa hiyo mpishi wa shule akikuletea dodo, mchicha au majani ya kunde, usinung'unike, maana ndani yake mna vitamini hii. Imo pia katika maharage, njegere, karanga, machungwa na parachichi. Lakini yaharibika kwa moto mwingi, na huyeyuka katika maji. Mboga iliyochemshwa saa nzima na maji yake yakamwagwa imebakiwa na kidogo tu.

Kazi yake mwilini ni hii: seli isipoipata haiwezi kujigawa sawasawa. Na ni nani mwenye kuhitaji seli nyingi mpya kuliko mtoto aliye tumboni? Katika majuma manne ya kwanza, sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo ni kama utepe mdogo unaojikunja na kuwa mrija. Mrija huo hujifunga kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga vema, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au hata bila fuvu la kichwa.

Mwaka 1991 lilimalizika jaribio kubwa lililofanywa katika vituo 33 vya nchi saba. Wanawake waliohusika walikuwa wamekwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo. Waligawanywa kwa kura. Katika mimba 1,195 ambazo matokeo yake yalijulikana, watoto 27 walikuwa na kasoro. Kati yao 6 tu walikuwa wa mama waliopewa asidi ya foliki, na 21 walikuwa wa wale ambao hawakupewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, maana jibu lilikuwa wazi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri maikrogramu 400 kila siku tangu mwanamke anapotaka kushika mimba hata juma la 12, na kuendelea nayo pamoja na chuma mpaka azae.

Angalieni neno hilo "tangu anapotaka". Siku ya 28 wanawake wengi hawajajua bado kama wana mimba. Anayeanza vidonge mwezi wa nne amechelewa kwa ajili ya mgongo wa mtoto, ingawa bado vinamfaa kwa damu yake. Kwa sababu hiyo, katika Uganda, Kenya na Tanzania sheria zinataka unga wa ngano wa viwanda vikubwa utiwe vitamini hii, ili imfikie hata yule asiyejua.

Presha ya mimba ni kitu gani?

Mkunga apimapo presha huandika hesabu mbili, mathalani 120 kwa 80. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni nguvu yake moyo unapopumzika. Hupimwa kwa milimita za zebaki. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, twasema presha iko juu.

Mwanamke ambaye hakuwa na presha, kisha ikapanda baada ya juma la 20 la mimba, yafaa atazamwe sana. Ikiwa pamoja na hayo mkojo wake una protini, au figo, ini, macho au kichwa vimeanza kusumbuka, huo ni ugonjwa ambao hutangulia kifafa cha mimba. Shina lake liko katika kondo la nyuma. Mishipa ya mama inayolisha kondo haikupanuka ilivyopasa tangu mwanzo. Kondo likapata damu haba, nalo likatoa vitu vinavyodhuru mishipa ya mama mwili mzima. Ndipo presha hupanda. Hatimaye mama aweza kushikwa na degedege, kutokwa damu ubongoni, au kufa, na mtoto naye. Presha ya mimba, pamoja na kutokwa damu, ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya kina mama duniani.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mwanzoni hauumi. Mama hulima, hucheka, husema yu mzima. Kipimo peke yake ndicho kijuacho.

Kwa nini wataalamu waliviunganisha?

Msidhani mama mkubwa alijitungia tu. Hata wataalamu waliwahi kutumaini hivyo. Iko asidi moja katika damu iitwayo homosisteini. Ikizidi huhusishwa na madhara ya mishipa, na asidi ya foliki huipunguza. Basi ilionekana ni jambo la akili kwamba vidonge vingelinda mishipa ya mama. Tena mwaka 2008 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba, miongoni mwa wanawake wa Ottawa na Kingston waliowafuatia, waliotumia vidonge vyenye asidi ya foliki walipatwa na ugonjwa huu kwa uchache sana kuliko wasiotumia.

Hapa, wanafunzi, ndipo penye somo. Tuseme nimehesabu wanafunzi wenye kalamu mbili mfukoni, nikaona kwamba wao hufaulu mtihani kuliko wenye kalamu moja. Je, nikimpa mvivu kalamu ya pili atafaulu? La. Mwenye kalamu mbili ni yule ajitayarishaye kwa kila jambo, na kujitayarisha ndiko kulikomfaulisha. Vivyo hivyo, mwanamke anayemeza vidonge kila siku huenda ndiye mwenye chakula bora, ndiye aliyesoma, ndiye aendaye kliniki mapema. Huwezi kujua kama ni kidonge au ni yale mengine.

Dawa ya shaka hiyo ni kura. Wachukue wanawake wengi, uwagawe kwa kura tupu, nusu wapate dawa na nusu wapate kidonge cha kufanana nacho kisicho na dawa, wala wao wala mganga asijue nani kapata nini. Watafiti wa Kanada walifanya hivyo hasa, na jambo hili ni la kusifiwa, maana walikubali kulijaribu tumaini lao wenyewe. Waliwachukua wanawake wenye hatari kubwa katika nchi tano: Kanada, Uingereza, Australia, Argentina na Jamaika. Nusu walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, wakianza kati ya mwezi wa pili na wa nne na kuendelea. Majibu yalitoka mwaka 2018. Katika wanawake 1,144 waliopewa dawa, 169 walipatwa na ugonjwa. Katika 1,157 waliopewa kidonge kitupu, 156 walipatwa. Fanyeni hesabu wenyewe: ni 14.8 katika mia kwa 13.5 katika mia. Kidonge hakikuzuia kitu. Na tofauti hiyo ndogo yaweza kuwa ya bahati tu, kwa hiyo haithibitishi kwamba kilileta presha.

China nayo yatufundisha. Huko, katika miaka ya 1990, wanawake wengi mno walipewa maikrogramu 400 kwa siku ili kuzuia mgongo wazi. Majibu yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba katika sehemu za kaskazini kasoro zilipungua kutoka 4.8 kwa kila elfu hadi 1.0 kwa kila elfu, kwa wale walioanza mapema na kutumia sawasawa. Mwaka 2013 daftari za kazi hiyohiyo zilitumika kuuliza swali la presha, kwa wanawake zaidi ya 193,000. Ikaonekana kwamba vidonge vilevile, vilivyomezwa mwanzoni mwa mimba, havikuzuia presha. Kidonge ni kimoja na nchi ni moja, lakini maswali ni mawili na majibu ni mawili. Wazee walisema kila mlango una ufunguo wake.

Kosa langu

Sasa nieleze kwa nini sikucheka siku ile.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi wa utabibu. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia karo ya vidato viwili vya mwisho hapa shuleni kwa kuuza ndizi, alikuwa na mimba ya pili. Katika mimba ya kwanza presha yake ilipanda mwishoni, lakini alijifungua salama. Mimi nilikuwa nimesikia habari za utafiti ule wa mwaka 2008. Nilirudi nyumbani likizo nimejaa elimu mpya. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Dada, meza vidonge hivi kila siku, wala presha haitakurudia." Alifurahi. Aliniamini kwa sababu yeye ndiye aliyenisomesha.

Alivimeza vyote, hakuacha hata siku moja. Lakini kliniki ilikuwa mbali na nauli ilikuwa shida. Mwezi wa sita hakwenda. Alisema, "Ndugu yangu mwenyewe, msomi, amenipa kinga." Mwezi wa saba kichwa kilianza kumwuma, akadhani ni jua la shambani. Uso ukavimba, akadhani anenepa. Usiku mmoja alisema anaona vimulimuli machoni, na kabla ya alfajiri akashikwa na degedege.

Walimfikisha hospitali. Walimchoma magnesiamu salfeti, wakamzalisha, naye akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo sana, akaishi siku mbili.

Dada hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenilaumu. Vidonge havikumdhuru, maneno yangu ndiyo yaliyomdhuru, kwa kuwa yalimwondolea hofu iliyompasa kuwa nayo. Kama ningemwambia, "Meza vidonge kwa ajili ya damu na mtoto, lakini presha haina kinga hapa, nenda ukapimwe," labda angeuza mkungu mmoja zaidi akapata nauli. Tangu siku ile, nikisikia habari nzuri ya dawa huuliza kwanza: je, kura ilipigwa?

Basi tufanye nini?

Kwanza, vidonge vya asidi ya foliki vitumiwe, maana vina kazi yake kubwa. Shangazi wa kijana yule asivitupe. Kiasi cha kawaida, maikrogramu 400, hakikuonyeshwa kuleta presha. Lakini tusidhani kwamba kingi ni bora. Viko vidonge vya miligramu 5, yaani zaidi ya mara kumi na mbili ya kiasi hicho. Hivyo ni vya watu maalumu kwa agizo la daktari, kama yule aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Nako kwetu penye malaria kuna jambo jingine: kiasi cha miligramu 5 au zaidi kwa siku huizuia dawa ya SP, ambayo wajawazito hupewa kuwakinga na malaria, isifanye kazi yake.

Pili, presha ipimwe. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara nane katika mimba moja, mara ya kwanza kabla ya juma la 12 kwisha. Kila mara apimwe presha na mkojo.

Tatu, ziko dawa ambazo kweli hupunguza hatari, nazo zimepita katika majaribio ya kura. Mwenye hatari kubwa, kama aliyewahi kupata ugonjwa huu, mwenye kisukari, mwenye presha ya zamani au mwenye mapacha, aweza kupewa aspirini kidogo kila siku, ikianza baada ya juma la 12 na kabla ya juma la 20. Na penye chakula kisicho na kalsiamu ya kutosha, vidonge vya kalsiamu husaidia. Lakini mtu asijipe dawa hizi mwenyewe, amwulize mganga. Degedege nalo lina dawa yake: jaribio kubwa la mwaka 2002, lililohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

Nne, dalili hizi zijulikane nyumbani: kichwa kuuma sana pasipo kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba kwa ghafula. Mama mwenye dalili moja ya hizo asingoje kuche. Na aende hospitali hata kama mtoto amekwisha kuzaliwa, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kuja hata baada ya kuzaa.

Mtaniuliza, "Mambo haya yatuhusu nini sisi wavulana?" Yawahusu. Katika kituo changu nauli ya mama mara nyingi imo mfukoni mwa mwanamume. Ninyi wenzangu mliotoka zamani, wake zenu wakishika mimba, fedha ya pikipiki ya kliniki iwe imewekwa kando kabla ya mambo mengine. Nanyi wanafunzi, mkirudi likizo mtaulizwa mambo mengi kwa kuwa ninyi ndio mliosoma. Msijibu kwa fahari kama nilivyojibu mimi.

Dada yangu alishika mimba nyingine mwaka 2015. Alimeza vidonge vya damu kama kwanza, akapewa na aspirini, akapimwa kila mara. Presha ilipanda juma la 36, ikaonekana siku ileile, akalazwa, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo sasa yuko shuleni na hesabu aziweza kuliko mimi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kidonge kilichoanzwa mwezi wa nne hakiwezi kuzuia mgongo wazi?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuongeza damu na kupanda kwa presha.
3. Tafuta nyumbani kwenu jambo moja liaminiwalo kwa sababu mambo mawili huonekana pamoja. Ungelijaribuje kwa kura?

Kijana wa kidato cha nne, nimetimiza ahadi. Wasomee mama mkubwa na shangazi barua hii, kwa adabu, tena wote wawili pamoja. Wasalaam.